Ubao wa bei pale depo: uhakiki wa fonksio moja

Wasomi wenzangu, tumezoea kuhakiki vitabu, nyimbo na filamu. Leo naleta andiko lingine, ambalo kutoka Mutoshi mpaka Musompo linasomwa kuliko gazeti lolote: ubao wa bei wa depo za madini. Ni kipande cha triplex ao karatasi ngumu, kimeandikwa kwa marka, na kina safu mbili. Kushoto kuko teneri, yaani kiasi cha shaba ao kobalti ndani ya jiwe, kwa asilimia. Kuume kuko bei ya kilo kwa franka. Halina jina la mwandishi, mara nyingi halina hata tarehe, na kila jioni kuko nyumba ambazo zitakula ao hazitakula kufuatana na mstari gani wa ubao ule umeguswa na kidole cha mnunuzi.

Mimi nilisoma kilimo, sikusoma migodi wala hesabu. Lakini hapa Mutoshi, watu wakishajua uko na licence, hawaulizi ya nini. Wanakuja na karatasi: “Yaya, wewe ulisoma, tuangalilie hii.” Kwa hiyo nimeziangalia mbao nyingi, na nataka kuzihakiki sawa vile mtu anahakiki kitabu: kuko wapi kweli, kuko wapi uongo, na kuko wapi mwandishi ameficha kitu.

Kwanza tukubaliane kwamba ubao ule ni fonksio. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunaona f(x) = x² − 3x + 2, tablo ya variasio, asimptoti, na kisha Exetat, na kisha kwisha. Hatuoni triplex. Kosa si letu peke yetu, liko na historia ndefu. Mwaka 1748 Leonhard Euler, katika kitabu chake Introductio in analysin infinitorum, alieleza fonksio kama andiko la hesabu lililotungwa kwa kigeu pamoja na namba. Kwa maneno mengine, formula. Karibu miaka tisini nyuma yake, mwaka 1837, Mjerumani Dirichlet alifungua mlango mkubwa zaidi: y ni fonksio ya x ikiwa kila x inapewa y moja, hata kama hakuna formula ya kuiandika. Shule zetu za humanités zilibaki kwa Euler. Ubao wa depo uko kwa Dirichlet. Njo maana mwanafunzi wa math-physique anaweza kupata pointi nzuri kwenye derivé, na bado akapita mbele ya ubao bila kujua kwamba ametazama somo lake mwenyewe.

Sasa tuusome. Nitatumia namba za mfano, nilizozitunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Siyo za depo yoyote. Tuseme mnunuzi analipa kilo moja ya jiwe kavu kwa sheria hii: chukua teneri, zidisha mara 300, toa 200. Jiwe la 2% linatoa 400 FC kwa kilo. Jiwe la 4% linatoa 1.000 FC.

Hapa kuko malalamiko ya kwanza ambayo ninayasikia kila mara: “Shaba imezidi mara mbili, mbona bei imezidi mara mbili na nusu? Basi kwa jiwe la chini wanatuiba.” Hapana. Kwa sehemu hii ninautetea ubao. Ile 200 inayotolewa ni gharama ya lori, ya kusaga, ya asidi, na inalipwa kwa kila kilo, jiwe likiwa tajiri ao maskini. Lori halijui teneri. Kwa hiyo mstari haupiti kwenye sifuri, na fonksio ambayo haipiti kwenye sifuri haifuati uwiano: ukizidisha x mara mbili, y haizidi mara mbili. Ukishuka mpaka chini ya 0,67% hivi, bei inakuwa hasi, na njo pale mnunuzi anasema “hii hatuchukue.” Kile tulichokuwa tunaita domeni ya fonksio darasani, pale depo ni lundo la mawe ambalo mtu analirudisha nyumbani kwa kichwa.

(Wale wa kilimo wataniruhusu neno moja. Mbolea inafanya kinyume. Mitscherlich alionyesha mwaka 1909 kwamba kila gunia la mbolea unaloongeza linaleta mavuno kidogo kuliko la mbele yake; mstari unapinda na kulala. Mkulima anayefikiri kwa uwiano anapoteza pesa kwa mbolea, na mchimbaji anayefikiri kwa uwiano anakasirikia mahali ambapo hapana kosa. Ni ugonjwa mmoja: tunafikiri kila kitu duniani ni “mara mbili kwa mara mbili.”)

Kosa la kweli liko kwenye safu ya kushoto. Ubao hauandiki teneri zote. Unaandika 1, 2, 3, 4, ao kwa depo zingine 1, 1,5, 2, 2,5. Na katikati je? Katikati njo kuko pesa. Mashine inasema 3,9, kidole cha mnunuzi kinashuka kwenye 3. Mstari wetu mnyoofu umegeuka ngazi. Kwa sheria ya mfano, 3,9 ingelipwa 970 FC. Ubao unalipa 700. Tofauti ni 270 FC kwa kilo, na kwa gunia la kilo 50 ni 13.500 FC.

Mnunuzi atajibu kwamba kila hesabu inakata mikia, hata benki. Sawa, lakini kuko kukata kwa namna mbili. Ukikata kwa kwenda kwenye namba ya karibu, 3,9 inakuwa 4 na 3,2 inakuwa 3. Leo unapoteza, kesho unapata, na kwa magunia mengi inajilinganisha. Ukikata kwa kushuka chini kila siku, hasara iko upande mmoja siku zote. Kama mikia inatawanyika bila upendeleo, mchimbaji anapoteza kwa wastani nusu ya ngazi: kwa ngazi za 1% katika mfano wetu, 150 FC kwa kila kilo anayouza, kwa ngazi za 0,5%, 75 FC. Hii siyo makosa ya mkono. Ni ushuru usioandikwa, na hakuna sheria ya Jamhuri iliyoupiga kura.

Na hapa njo nafikiri masomo yetu yanaweza kusaidia mtu leo, bila kungoja mnunuzi abadilike. Mtu akielewa kama anauza kwenye ngazi, anaweza kupanga magunia. Angalia: uko na magunia mawili ya uzito mmoja, moja la 4,4 na lingine la 3,6. Ukiuza kila moja peke yake, la kwanza linashuka kwenye 4, la pili kwenye 3. Kwa kilo moja ya kila gunia unapata 1.000 na 700, jumla 1.700. Ukichanganya vizuri kwanza, mchanganyiko ni 4,0, na kilo zako mbili zinalipwa 2.000. Lakini chukua 4,0 na 3,8. Peke yake: 1.000 na 700, tena 1.700. Ukichanganya unapata 3,9, kidole kinashuka kwenye 3, na kilo mbili zinakupa 1.400. Kwa hiyo wale wanaosema “changanya siku zote” na wale wanaosema “usichanganye hata siku moja” wote wanasema bila kuangalia ubao. Kwenye mstari mnyoofu kuchanganya hakubadili kitu. Kwenye ngazi kunabadilisha, mara kwa faida, mara kwa hasara, na penseli moja inatosha kujua mbele ya kwenda. Hapa hakuna udanganyifu: shaba yote iko ndani, na mashine inasoma kile kilicho ndani.

Sasa tufike kwenye maji, kwa sababu hii ni sehemu mbaya zaidi ya andiko, na haionekani kwenye ubao hata kidogo.

Wakati wa mvua, jiwe linakuja limelowa. Mnunuzi anasema: mimi sinunue maji. Ana haki. Basi anatoa umidite kwenye uzito. Chukua kilo 100 za jiwe kavu la 4%. Ndani kuko kilo 4 za shaba. Mvua inaongeza kilo 25 za maji. Mzani unasema 125, na umidite ni 20%. Akitoa maji, anarudi kwenye kilo 100. Mpaka hapa hakuna kosa.

Lakini teneri amepima juu ya nini? Kama ameweka mashine, ile Metorex, juu ya jiwe lenye kulowa, maji yamechukua nafasi ya jiwe mbele ya mashine, na teneri haitatoka 4. Ni kilo 4 za shaba ndani ya kilo 125: karibu 3,2%. Maji yamekwisha kuhesabiwa ndani ya teneri. Kuko njia mbili za haki: uzito wa kulowa na teneri ya kulowa, 125 mara 3,2% ni kilo 4, ao uzito mkavu na teneri kavu, 100 mara 4% ni kilo 4. Pale depo moja, ambayo siitaji jina, nimeona njia ya tatu: uzito mkavu na teneri ya kulowa. Mia moja mara 3,2% ni kilo 3,2. Mvua imekula gunia mara mbili. Halafu ngazi inakuja juu yake: 3,2 inashuka kwenye 3, analipwa 700 mara 100, ni 70.000 FC, badala ya 100.000 FC ya jiwe kavu la 4%.

Kijana mwenye magunia alilalamika kidogo: “Mukubwa, shee juzi tulipima, ilitoka ine.” Jibu: “Juzi kulikuwa jua. Mvua njo imekula teneri yako.” Na wote wakanyamaza, kwa sababu jibu lina sura ya ukweli. Ni kweli kwamba mvua imeshusha teneri. Uongo uko pale ambapo ile mvua moja imehesabiwa tena kwenye mzani.

Kwa lugha ya darasani, hii ni fonksio ndani ya fonksio. Umidite inaingia kwenye uzito, umidite inaingia kwenye teneri, kisha zote mbili zinaingia kwenye bei. Darasani tuliandika g∘f, tukatafuta derivé yake, tukapata pointi. Hakuna mtu alituuliza swali la maana: kigeu kimoja kinaingia kwa milango mingapi? Na niseme haki: kuko depo ambazo zinakausha sampuli kwenye sahani juu ya moto mbele ya kupima. Pale, kutoa umidite kwenye mzani ni sawa kabisa, na mtu asiende kuwapigia kelele. Swali la kuuliza ni fupi: “Sampuli imekauka ao imelowa?” Kama imelowa, basi uzito nao ubaki wa kulowa.

Juu ya Metorex yenyewe sitakaa sana. Inasoma sehemu ndogo tu ya uso wa sampuli, na jiwe la hapa haliko namna moja ndani na nje. Upande mmoja ni kijani cha malakiti, upande mwingine ni udongo tu. Ukipima mara mbili mahali pawili unapata namba mbili. Dirichlet alisema kila x ipewe y moja. Hapa gunia moja linapewa y nyingi, na mnunuzi anachagua. Dawa inajulikana: saga, changanya, pima mara nne mahali mbalimbali, chukua wastani. Vipimo vinne vinapunguza kosa la bahati kwa nusu, kwa sababu kosa linagawanywa kwa kipeo-mzizi cha hesabu ya vipimo. Ukitaka kulipunguza kwa nusu tena, unahitaji kumi na sita, na hapo mnunuzi atakufukuza, sitamlaumu.

Kinachonisumbua zaidi ni vigeu ambavyo havikuandikwa. Ubao unasema bei ni fonksio ya teneri. Siyo kweli. Ni fonksio ya teneri na ya soko la dunia, na ya siku. Machi 2018 tani ya kobalti ilikaribia dola 95.000, katikati ya 2019 ilikuwa chini ya 30.000. Tarehe 22 Februari 2025 Serikali ilisimamisha kutoa kobalti nje ya nchi, na tangu 16 Oktoba mwaka ule tuko kwenye mgao wa kiasi. Kila mara marka inafuta na kuandika upya, na mtu aliyetoka shimoni anakuta safu ya kuume imebadilika bila kuambiwa ni kipande gani cha hesabu kimebadilika: ni 300, ao ni 200? Soko limeshuka, ao lori limepanda bei? Haya ni mambo mawili tofauti. Kama 300 imeshuka, jiwe tajiri linaumia zaidi. Kama 200 imepanda, kila kilo inaumia sawasawa, na maskini anatoka nje ya domeni. Mtu anayejua tofauti hii anajua kama afadhali achambue jiwe lake zaidi ao auze upesi.

Linganisha na namna Serikali inavyoandikiana na makampuni makubwa. Sheria ya migodi ya 9 Machi 2018 nayo ni fonksio yenye ngazi: shaba 3,5% ya ushuru wa madini, vitu vya kimkakati 10%, na kobalti iliwekwa ndani ya vitu hivyo kwa dekreti ya Novemba 2018. Bei ikipanda kupita 25% juu ya ile ya masomo ya mradi, kuko kodi ya 50% juu ya faida iliyozidi. Unaweza kuipenda ao kuichukia, lakini kizingiti kimeandikwa, asilimia imeandikwa, tarehe iko, na kampuni iko na mwanasheria wa kubishana juu ya koma. Hata bei za rejea za kupigia hesabu ushuru, zile za merkuriale, zinatangazwa. Mwenye lori mia anapewa fonksio nzima. Mwenye magunia mawili anapewa safu mbili za marka.

Hapa kwetu tulipata nafasi ya kufanya vizuri. Mradi wa majaribio wa Mutoshi, wa Chemaf, Trafigura na shirika la Pact, ulianza 2018 ukasimama Machi 2020 wakati wa korona. Mpaka leo mtaani tukiuzungumzia, tunazungumzia uzio, kofia na geti la kuingilia. Ni vitu vya kweli, udongo ukiporomoka unaua. Lakini nasikitika kwamba hata sisi wasomi wa hapa hatukuchukua wakati ule kudai na kujifunza hesabu ya bei, karatasi kwa karatasi.

Nirudi kwa shule, kwa sababu wengi mnaosoma hapa mnafundisha ao mtafundisha. Sisemi tuache f(x) = x² − 3x + 2. Formula bila jina iko na nguvu yake: inafanya kazi kwa jiwe, kwa mahindi, kwa dawa ya hospitali. Kinachokosekana ni njia ya kurudi. Hata sisi wa kilimo tunafundishwa pH kama namba ya kukariri, wakati ni logariti ambayo Sørensen aliitunga kule Copenhagen mwaka 1909: udongo wa pH 5 una asidi mara kumi ya udongo wa pH 6, siyo “kidogo zaidi.” Mama anayelima lengalenga karibu na mgodi anahitaji chokaa ili pH ipande na shaba ipunguze kutembea ndani ya udongo. Akipewa ushauri na agronome anayefikiri kwa mstari mnyoofu, atapewa kiasi kisicho na maana. Banafunzi wa Kolwezi wako na bahati mbaya ya kuishi juu ya madini na bahati nzuri ya kuwa na mazoezi ya fonksio yametundikwa kwenye kila ukuta wa depo. Mwalimu mmoja akipiga picha ya ubao na kuuliza darasa “chora grafu, onyesha ngazi, tafuta hasara ya wastani”, somo limepatikana bila kununua kitabu.

Nilimwonyesha negosia mmoja ngazi yangu kwenye karatasi. Hakukasirika. Alisema kwamba akiandika formula yake wazi, jirani yake ataongeza franka kumi na kumnyang'anya wateja. Ni sababu ya kweli, na inaonyesha kwamba ngazi inamlinda yeye pia dhidi ya negosia wenzake, siyo tu dhidi ya bakrezeri. Kwa hiyo sitegemei depo moja ianze peke yake. Kooperative zinaweza, kwa sababu zinauza mzigo mkubwa na zinaweza kukataa. Zidai vitu vinne viandikwe juu ya ubao: tarehe, bei ya soko iliyotumika, namna ya kukata mikia, na kama sampuli inakaushwa.

Wenye kufanya kazi kwenye depo na kooperative, nawaomba mniletee kwa sanduku la ujumbe safu mbili za ubao wenu pamoja na tarehe, bila jina la depo na bila jina la mtu. Ninaanza kuchora grafu moja moja. Mpaka sasa niko nazo tano, na tatu kati yake zinakata kwa ngazi za 0,5.